Tovuti haina mlisho: uweke mlinzi, uunde mlisho wako, au ungoje barua pepe?

Swali hili huletwa na watu wa aina mbili hapa Kisumu, na ingawa wanauliza kwa maneno yale yale, jibu lao si moja. Wa kwanza ana kampuni ndogo ya ugavi: leo anapeleka karatasi na wino wa printa, kesho madawati, kesho kutwa unga wa shule. Anafuata kurasa za zabuni za Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, pamoja na za vyuo na hospitali kadhaa. Wa pili amemaliza chuo, tuseme Maseno au Masinde Muliro, na anatafuta kazi. Kurasa zake ni nyingi zaidi: bodi za utumishi wa umma za kaunti, mashirika, benki, vyuo. Wote wamechoka kufungua tovuti moja moja kila asubuhi, na nyingi kati ya tovuti hizo hazina mlisho wa RSS, au kama zinao hazisemi.

Wa kwanza akikosa tangazo moja amepoteza pesa. Wa pili akikosa moja kati ya arobaini, bado ana thelathini na tisa. Shikilia tofauti hiyo, kwa maana ndiyo inayoamua chombo, zaidi ya bei na zaidi ya sura ya programu.

Kwa asiyejua, mlisho ni faili ndogo ambayo tovuti hujiandikia yenyewe: kichwa cha kila habari mpya, kiungo chake na tarehe. Programu ya kusoma milisho, kama Feeder kwenye Android, NetNewsWire kwenye iPhone au Thunderbird kwenye kompyuta, huipitia na kukuletea vipya tu, bila mabango wala picha zinazozungukazunguka, hivyo hata bando haliishi haraka. RSS ilianzia Netscape mwaka 1999. Ilinoga kwa miaka mingi, kisha Google ikafunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013, Facebook nayo ikaondoa milisho ya kurasa zake mwaka 2015, na wajenzi wengi wa tovuti wa leo hawana habari nayo.

Thibitisha kwanza kwamba kweli haina

Usianze kulipia chombo chochote kabla ya kufanya hili, maana mara nyingi mlisho upo, ni kwamba tu hakuna aliyeweka alama yake ya rangi ya chungwa. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress huwa nao: ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani uone. Joomla hutoa wake ukiweka ?format=feed&type=rss baada ya anwani ya ukurasa wenye orodha. Drupal kwa kawaida huuweka kwenye /rss.xml, na blogu za Blogger kwenye /feeds/posts/default. Hata chaneli ya YouTube ina mlisho: youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= ikifuatwa na namba ya chaneli yenyewe.

Hujui tovuti imejengwa kwa nini? Andika view-source: mbele ya anwani kwenye Chrome, hata ya simu ya Android, kisha tafuta rss+xml ndani ya yale maandishi. Ukiipata, anwani iliyo kando yake ndiyo mlisho.

Ila kuna mtego hapa ambao huwakamata wengi. Mlisho wa WordPress hubeba makala, basi. Mtu wa tovuti akipandisha zabuni kama ukurasa wa kawaida, au akatumia programu-jalizi ya kupakulia faili, zabuni hiyo haiingii kwenye mlisho kamwe. Utakuta mlisho mzima, unafunguka vizuri, umejaa habari za gavana kupanda miti na kukabidhi mabasi ya shule, na zabuni hakuna hata moja. Jaribu mlisho wa kitengo, mfano /category/tenders/feed/, kama kitengo hicho kipo. Kisha linganisha vichwa vitano vya juu vya mlisho na matangazo matano ya juu ya ukurasa wenyewe. Yakilingana, kazi yako imekwisha na hauhitaji kusoma zaidi. Yasipolingana, chukulia kwamba tovuti hiyo haina mlisho.

Kuna na yale yasiyohitaji chombo kabisa, kwa sababu yana tarehe yake. Bei mpya za mafuta EPRA, mamlaka ya nishati, huzitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Gazeti Rasmi la Kenya hutoka Ijumaa. MyGov, lile jarida la matangazo ya serikali, hutoka Jumanne. Kukiwekea mlinzi wa mtandaoni, yaani chombo cha kuchungulia ukurasa kwa niaba yako, kitu kinachojulikana siku yake ni kujitafutia kazi. Kengele ya simu inatosha.

Mlinzi wa ukurasa

Chombo cha aina hii hufungua ukurasa kila baada ya muda uliouweka, hutunza nakala, na safari inayofuata hulinganisha mpya na ya zamani. Kukiwa na tofauti, anakuarifu. Visualping, Distill na changedetection.io ndio wanaotajwa sana. Visualping hupenda kulinganisha picha ya ukurasa, ingawa inaweza pia kufuata maandishi. Distill huja kama kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari chako, na pia hufanya kazi kwenye seva zao. changedetection.io ni programu huria: unaweza kuisimika kwenye mashine yako bila malipo, au kulipa kwa mwezi wakuendeshee wao.

Ubaya wa mlinzi ni kwamba hajui kipi ni cha maana. Chukua ukurasa wa zabuni wa kawaida wa kaunti. Juu kabisa kuna tarehe ya leo. Chini yake picha tatu zinazopokezana. Katikati kuna jedwali: namba ya zabuni, maelezo, tarehe ya kufunga, kitufe cha kupakua. Chini kabisa, kwenye kona, kuna kihesabu cha wageni waliotembelea tovuti. Ukimwambia mlinzi alinde ukurasa wote, utapata arifa kila mara anapopita, kwa sababu tarehe imebadilika na kihesabu kimesogea. Siku ya tatu utakuwa umezima arifa. Siku ya nne zabuni inatoka.

Dawa yake ni kuchagua jedwali peke yake. Walinzi wote hao watatu wana namna ya kuonyesha ukurasa ili ubofye sehemu unayoitaka; kazi ya dakika mbili. Ukiweza, nenda hatua moja zaidi: mwambie apuuze mistari yenye maneno fulani, au akuarifu tu pale neno fulani linapotokea, kama "stationery" au "furniture". Hapo kelele hufa.

Ikiwekwa vizuri, arifa yenyewe ni raha kuisoma. Mstari ulioondoka unaonekana mwekundu, ulioingia unaonekana kijani. Hii hapa ni aina ya mazungumzo yanayotokea kwenye meza ya saiba pale Kondele, mama mwenye kampuni akiangalia skrini ya kijana anayemsaidia:

"Nyathina, hii si ndiyo ile tenda ya madawati ya juzi? Mbona imerudi tena?"

"Ni hiyo hiyo, mama. Angalia hapa kwenye rangi. Kilichobadilika ni tarehe ya kufunga tu, wameisongeza mbele wiki moja."

"Kumbe bado tuko na nafasi!"

Kwa mgavi, arifa moja ya namna hiyo ina thamani kuliko mlisho mzima. Sababu yake itaonekana punde.

Kiunda mlisho

Hiki hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hakijali ukurasa umebadilika vipi. Kinatafuta viungo vinavyojirudia kwa mpangilio mmoja, kila kiungo kinakifanya habari moja, na kinakuandikia mlisho ambao tovuti ilikunyima. RSS.app, FetchRSS na PolitePol (sasa PolitePaul) hufanya hivyo mtandaoni: unabandika anwani, unabofya kichwa cha habari ya kwanza, unabofya cha pili, chombo kinaelewa yaliyobaki. Inoreader na Feedly, ambazo ni programu za kusoma milisho, nazo zina kiunda mlisho ndani yake, ila kwa wanaolipia. Upande wa programu huria kuna RSS-Bridge, RSSHub, na FreshRSS ambayo unaweza kuielekeza kwa XPath, yaani anwani ya sehemu fulani ndani ya ukurasa.

Uzuri wake unauona ukiwa na tovuti nyingi. Mlinzi akilinda kurasa arobaini atakujazia barua pepe. Mlisho hukaa kimya mahali pamoja, unasoma ukitaka, ulichokisoma kinaondoka, usichokisoma kinakungoja. Matangazo matatu yakitoka siku moja unapata vichwa vitatu, kila kimoja na kiungo chake. Kwa mtafuta kazi anayepitia vichwa arobaini akiwa kwenye matatu ya kutoka Mamboleo, hakuna kitu kinachoshinda hicho.

Ubaya: viunda mlisho vya bure huchungulia tovuti kwa nadra na kubeba habari chache. Tena kichwa unachokipata ni kile kile alichoandika mtu wa tovuti. Kama aliandika "Download" kwenye kila kitufe, mlisho wako utakuwa na "Download", "Download", "Download". Utaufungua kila mmoja kujua ni nini, na faida yote imepotea. Ukiona ukurasa wa namna hiyo, rudi kwa mlinzi. Yeye atakuonyesha mstari mzima wa jedwali.

Ukurasa mmoja, matukio manne

Tuviweke sasa bega kwa bega mbele ya ukurasa ule ule wa zabuni.

Tangazo jipya limeongezwa. Hapo hakuna mshindi, vyote viwili vinaliona. Kiunda mlisho hulileta likiwa safi zaidi.

Tarehe ya kufunga imesogezwa. Mlinzi anaona, kwa sababu maandishi ndani ya jedwali si yale ya jana. Kiunda mlisho hakioni kitu. Kwake habari ni kiungo, na kiungo hakijabadilika. Kilishakuletea wiki iliyopita, hakiwezi kukuletea tena. Hapa ndipo njia za wale watu wetu wawili zinapoachana. Zabuni huishi kwa marekebisho: tarehe hubadilika, masharti hubadilika, nyingine hufutwa kabisa. Anayefuata zabuni kwa kiunda mlisho peke yake atajua zilipozaliwa na hatajua yaliyozipata baadaye. Tangazo la kazi kwa kawaida hutoka mara moja likabaki vile lilivyo, kwa hiyo mtafuta kazi hapotezi sana.

PDF imebadilishwa ndani ikabaki na jina lile lile. Hili ni baya, na linatokea kuliko inavyodhaniwa: mtu wa tovuti anaipandisha hati mpya juu ya ile ya zamani bila kugusa ukurasa. Hakuna atakayekuambia, si mlinzi wa jedwali wala kiunda mlisho. Tiba ni kumweka mlinzi kwenye anwani ya PDF yenyewe, changedetection.io husoma maandishi yaliyo ndani ya PDF na kuyalinganisha. Fanya hivyo kwa zile zabuni chache ulizoamua kuziomba, uziondoe tarehe ya kufunga ikipita. PDF iliyoskaniwa kama picha haina maandishi ya kusomwa, na hapo utapiga simu ofisi ya manunuzi kama zamani.

Tovuti imejengwa upya. Kaunti imepata mkandarasi mpya, sura yote imebadilika, jedwali halipo mahali pake. Vyombo vyote viwili vinavunjika siku hiyo. Vinatofautiana katika namna ya kuvunjika, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa ulinganisho huu wote.

Ukimya wa aina mbili

Usipopata arifa kwa wiki mbili, kuna maelezo mawili: hakuna kilichotangazwa, au chombo kimekufa. Kwa macho yako ni kitu kimoja. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wenyewe huja pale jirani anapokuambia ameshinda zabuni ambayo hukujua ilitoka.

Mlinzi mzuri hupiga kelele anapovunjika. changedetection.io, kwa mfano, inaweza kukuarifu pale sehemu uliyoichagua inapokosekana kwenye ukurasa. Mwenye kulinganisha ukurasa mzima kwa picha naye hawezi kukosa kuona kwamba sura imegeuka. Wakati mwingine tovuti huweka kizuizi cha kuuliza kama wewe ni binadamu, na mlinzi huchukua ule ukurasa wa kizuizi kama habari mpya. Inaudhi, lakini umejua kuna tatizo.

Kiunda mlisho hufa polepole. Viungo havionekani tena, mlisho unarudi mtupu au unabaki na habari za zamani, na programu yako ya kusomea inauonyesha kama tovuti iliyotulia tu. Baadhi ya visoma mlisho huweka alama nyekundu kando ya mlisho wenye hitilafu, ila mlisho mtupu si hitilafu machoni pake. Ni mlisho halali usio na habari.

Kwa hiyo pima chombo chako kwa swali hili kabla ya kuuliza bei: kikivunjika, nitajuaje? Kama jibu ni "sitajua", tengeneza njia ya kujua. Njia rahisi niliyowahi kuona ni kuongeza ukurasa mmoja unaobadilika kila siku bila kukosa, wowote wenye tarehe juu yake, kwenye chombo kile kile. Arifa yake ya asubuhi ni mapigo ya moyo. Asubuhi isipokuja, chombo chote kimelala. Haitakuambia kama tovuti moja kati ya nyingi imevunjika. Kwa hilo panga vichwa vya mlisho kwa tarehe mara moja kwa mwezi, na tovuti yoyote iliyonyamaza kupita kawaida yake ifungue kwa mkono.

Kinakaa wapi, na nani analipa stima

Kiendelezi cha kivinjari hufanya kazi kompyuta ikiwa imewaka na kivinjari kimefunguliwa. Ukifunga laptopu, mlinzi naye amelala. Na wengi wetu hatuna laptopu ya kuacha ikiwaka. Tuna simu, na Chrome ya simu haikubali viendelezi. Kwa mwenye simu tu, chagua kinachokaa kwenye seva za wenyewe na kukutumia barua pepe, ukubali mipaka ya akaunti ya bure: kurasa chache, na kuchunguliwa mara chache kwa siku. Kurasa tano muhimu zinatosha kuanzia.

Ukitaka kulipia, vingi hutoza kwa dola na kutaka kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Angalia tu kwamba malipo ya mwezi hujirudia yenyewe.

Kuna kina sisi tunaopenda kujiendeshea mambo. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, chini ya meza, changedetection.io ndani yake, hakuna wa kukutoza. Ni nzuri, na watu wa mtandaoni huisifu kana kwamba kila nyumba ina stima saa ishirini na nne. Kwetu umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na kila ulichopanga kikaenda nayo. Usipokuwa na betri ya akiba, kodi seva ndogo mtandaoni kwa dola tano hivi kwa mwezi, weka hapo mlinzi na FreshRSS pamoja, uwagawie wenzako watatu gharama. Kama hujawahi kuandika amri kwenye skrini nyeusi, omera, usianzie hapa.

Jambo jingine dogo lakini gumu: kurasa zinazojazwa na JavaScript. Unaifungua, duara linazunguka, kisha orodha inatokea. Chombo rahisi kinachopakua ukurasa bila kivinjari halisi huona ganda tupu. Ile view-source: ya mwanzo inakupa jibu: tafuta ndani yake jina la zabuni unayoiona kwenye skrini. Lisipokuwepo, unahitaji chombo kinachofungua ukurasa kwa kivinjari kamili. Distill na Visualping hufanya hivyo, na changedetection.io hufanya ukiiongezea Chrome.

Barua pepe, WhatsApp na Google Alerts

Kama shirika lina jarida la barua pepe, jiandikishe, hata kama unapenda milisho. Ni wao wenyewe wanaotuma, hakuna cha kuvunjika. Usipotaka yajae kwenye sanduku lako, Kill the Newsletter! hukupa anwani ya barua pepe ya kujiandikishia na kugeuza kila barua kuwa habari kwenye mlisho.

Chaneli rasmi za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, zinafaa kwa matangazo ya haraka kama kukatizwa umeme kwa matengenezo. Magrupu ni habari nyingine. Tangazo la kazi likishapita magrupu sita halina tena chanzo, na ndimo yanamozaliwa yale ya "tuma shilingi mia tano za usajili". Chukua fununu huko, thibitisha kwenye tovuti ya wenyewe.

Google Alerts inatajwa sana, na inaweza hata kukutolea matokeo kama mlisho badala ya barua pepe. Ila haichungulii ukurasa wako. Inakuambia kile ambacho Google imekwisha kukiorodhesha, wakati wake ikipenda. Itumie kufuata jina la kampuni yako au la mradi fulani. Kwa zabuni inayofungwa baada ya siku chache, hapana.

Ningechagua hivi

Mgavi: mlinzi kwenye kila jedwali la zabuni, akilenga jedwali tu, na mlinzi wa ziada kwenye PDF ya kila zabuni anayoiandalia bei. Akikuza biashara alipie. Zabuni moja aliyoiwahi italipia miaka.

Mtafuta kazi: tafuta milisho iliyofichika kwanza, utashangaa ni mingi. Tovuti zilizobaki zipitishe kwenye kiunda mlisho cha bure, zote zikutane kwenye Feeder au Inoreader. Zile tatu unazozitamani kabisa ziwekee mlinzi juu ya mlisho.

Mwalimu wa Nakuru anayetaka tu kujua Chuo Kikuu cha Egerton kimetoa lini ratiba ya mitihani ya masomo yake ya likizo hahitaji hata kimoja. Mlinzi mmoja wa bure, ukurasa mmoja, amfute ratiba ikitoka.

Lakini wote watatu, msimpe mlinzi wa mtandaoni nywila. Mtu atakuambia unaweza kulinda ukurasa wako wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, au wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kuweka jina na nywila ndani ya huduma hizi. Inawezekana kitaalamu, na ni kumpa mgeni ufunguo wa nyumba. Ukurasa wa kuingia kwa nywila ulindwe na kiendelezi kilicho ndani ya kivinjari chako mwenyewe, ambacho hutumia pale ulipokwisha kuingia, au uufungue kwa mkono.

Na mkishaweka, msiweke kila dakika tano. Seva za ofisi nyingi za kaunti ni dhaifu, na anayezigonga mno hufungiwa mlango, kisha anaanza kulalamika kwamba chombo hakifanyi kazi. Watu wa manunuzi hupandisha hati saa za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni inatosha kwa zabuni. Kwa kazi, mara moja kwa siku. Siku ya mwisho ya zabuni unayoiomba peke yake ndiyo ya kuongeza mwendo: kila saa, tangu ofisi inapofunguliwa hadi sanduku la zabuni linapofungwa, maana mabadiliko ya dakika za mwisho ndiyo yanayoumiza.